Stima Ilianza Nyumba ya Pili

Nilichagua teknolojia ya uhandisi kwa sababu chuo kilikuwa karibu na nyumbani. Wenzangu walikuwa na sababu za heshima. Mmoja alikuwa amefungua redio ya babake na kuifunga tena akiwa darasa la tatu. Mwingine alitaka kuunda injini ya mashua isiyotaka petroli. Siku ya kwanza, mhadhiri alipotuzungusha kila mtu aseme kilichomleta, mimi nilisema napenda umeme. Ukweli ni kwamba nilipenda kulala kwetu. Nilikuwa na barua ya chuo kingine, cha mbali, kule kwenye baridi, na kozi yake ilikuwa na jina kubwa zaidi. Niliikunja nikaitia chini ya godoro, na nadhani mchwa waliisoma kwa makini kuliko mimi.

Kwetu ni Seme, ukishapita Kombewa ukakata kushoto kuelekea ziwani. Kisumu, chuo kilipo, nilipanga chumba chenye kitanda, jiko la mafuta ya taa na ndoo mbili, lakini Ijumaa saa nane mchana ikifika, mkoba ulikuwa mgongoni. Msichana tuliyekuwa tukitumia naye meza moja kwenye karakana alinibatiza Mtoto wa Mama.

"Mtoto wa Mama, leo tunaunganisha mota kubwa. Utakaa, ama ziwa linakuita?"

"Nitakaa mpaka saa nane."

"Mota haina saa nane."

"Basi itanisubiri Jumatatu."

Alicheka, kisha akaimalizia peke yake, na Jumatatu ripoti ilikuwa na majina yetu mawili. Naandika hivi ili ujue nilisoma kwa mikono ya nani.

Masomo yenyewe yalikuwa hesabu zenye herufi nyingi kuliko nambari, halafu karakana, halafu hesabu tena. Nilipata alama za kutosha kubaki na zisizotosha kusifiwa. Tuliambiwa mapema kwamba sisi hatutakuwa wahandisi bali wanateknolojia: mhandisi anachora, sisi tunahakikisha mchoro unafanya kazi, yeye anapigwa picha. Darasani tulicheka. Nyumbani hakuna aliyetaka kusikia. Tangu barua ya chuo ilipofika nilikuwa Injinia, kabla sijajua upande gani wa bisibisi unashikwa. Watu waliniletea simu zilizozama ziwani, redio zilizokaliwa na kuku, mara moja hata mashine ya kusaga unga. Nilizitazama kwa uso wa daktari, nikatingisha kichwa na kusema, "Hii imefika mwisho." Walishukuru. Inashangaza jinsi mtu anavyoshukuru akiambiwa jambo baya na mtu mwenye jina.

Jaribio moja tu ndilo nililoongoza darasa zima, nalo lilikuwa la kupima ardhi. Kila nyumba yenye stima inatakiwa kuwa na fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, inayomfika mtu kifuani akiisimamisha, na inapigiliwa ardhini yote iishe. Kazi yake ni moja: stima ikipotea njia ikaingia kwenye bati la pasi au la friza, ipate barabara ya kwenda chini badala ya kupitia kwa mtu. Mhadhiri wetu wa somo hilo, mzee mfupi aliyevaa koti la karakana hata siku ya kanisa, alitupeleka nyuma ya jengo penye udongo mweusi, fimbo ikaingia kama kijiti kwenye ugali wa moto. Kisha akatuonyesha namna ya kupima kwa mita.

"Hapa ni rahisi," alisema. "Ninyi mtaenda mahali pa mawe. Fimbo ikigoma, hamisha shimo. Ikigoma tena, hamisha tena, ama uchimbe mtaro uilaze. Msikate. Fundi anayekata fimbo huwa anajua hakuna atakayechimba kuangalia."

Niliyaandika hayo kwenye daftari nikayapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kalamu nilikuwa nayo nzuri sana.

Baba alikufa nikiwa sekondari. Aliacha nyumba mbili katika boma moja. Nyumba iliyotazama lango ilikuwa ya Mama mkubwa, mke wake wa kwanza, ambaye kwa Kiluo tunamwita mikayi. Iliyo pembeni yake ilikuwa ya mama aliyenizaa. Mama mkubwa alizaa mabinti watupu, wote wameolewa mbali, kwa hiyo mvulana wa nyumba zote mbili nilikuwa mimi, na nililishwa kama watu wawili. Wake wenza wengine huishi kama paka na paka. Hawa wawili walikuwa wakichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo mmoja na kuwasengenya watu walewale.

Lakini utaratibu ulifuatwa. Kwetu kila kitu huanzia nyumba ya kwanza. Mvua ikinyesha, mama alikuwa anakaa na jembe lake mpaka Mama mkubwa atie mbegu yake ya kwanza ardhini. Mabati yalianza kwa Mama mkubwa, mahindi mabichi yalianza kwa Mama mkubwa. Ukiruka utaratibu, watu husema umeita chira, ugonjwa au kifo kinachoingia bomani kupitia mlango ulioufungua mwenyewe. Mimi niliyahesabu hayo pamoja na mambo ya kale, kwa kuwa nilikuwa nimesoma mihula mitatu ya umeme.

Mama alikuwa anauza samaki. Anawanunua ufuoni asubuhi, anawauza Kombewa, na siku samaki wakiwa wengi anatuma mzigo hadi soko la Kibuye, Kisumu. Alipopata friza kuukuu kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama, na nguzo za stima zikawa zimefika njia panda, kazi ikawa yangu. Nyaya nilizokuwa nazo zilitosha nyumba moja. Tuliketi uani kulizungumza jambo hilo: mama, Mama mkubwa, mimi, na baba mdogo, ndugu yake baba, ambaye ndiye msemaji wa boma letu.

"Anza huko kwa mamako," Mama mkubwa aliniambia. "Mimi macho yangu yamezoea koroboi. Stima itanionyesha tu buibui."

"Mikayi, hatuwezi," mama akasema. "Nyumba yako ndiyo ya kwanza."

"Nimekuruhusu mimi mwenyewe. Unataka ruhusa ya nani mwingine?"

Baba mdogo hakupenda. "Mnakimbilia nini? Ngojeni nyaya zitoshe. Ianze nyumba kubwa."

Hapo mwanachuo akafungua mdomo. "Baba, stima haijui nani aliolewa kwanza."

Mama mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. Mama pia alicheka, akiwa amefunika mdomo. Baba mdogo alinitazama tu, na nikajiona nimeshinda mjadala.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mvua imeanza. Nilifunga swichi na soketi kwa siku nne, kazi safi, hata leo naweza kukuonyesha. Kifaa cha kukata stima inapovuja sikuweka. Nilijiambia fimbo itatosha. Fundi mwenye leseni alitia sahihi fomu zangu akiwa ameketi kwenye kibanda chake, bila kufika. Ikabaki fimbo.

Seme ni mawe. Yapo yaliyosimama juu kama nyumba, na yapo yaliyolala chini yakikungoja. Nyuma ya nyumba ya mama nilipiga nyundo, fimbo ikaingia kiasi cha kiganja, ikalia. Nilihamisha shimo. Ikalia tena. Shimo la tatu iliingia kama kutoka kiwiko hadi vidole, kisha ikaanza kupinda kichwa. Wakati huo wanawake wa chama cha mama walikuwa wameshafika. Walialikwa saa kumi jioni kuja kuona taa zikiwashwa, na kuku alikuwa ameshaiva. Nilisikia viti vikipangwa.

Mmoja wao alikuja pembeni ya ukuta na kikombe mkononi. "Injinia, chai inapoa. Ama stima yako inatoka Uganda kwa miguu?"

"Namalizia, Mama."

Alipoondoka nilichukua msumeno wa chuma. Haikuchukua muda. Kipande kilichobaki nje nilikitupa kwenye migomba, nikafunga waya kwenye kichwa cha kile kilichobaki ndani, nikafukia udongo uliolowa, nikaweka tofali juu. Niliingia ndani nikiwa natoka jasho la kazi, nikabonyeza swichi, wanawake wakapiga vigelegele. Mama mkubwa alivua viatu mlangoni, kama alivyofanya kila alipoingia nyumba ya mtu, akaja akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

Mvua ikiwapo, ardhi ni mbichi, hata fimbo fupi hujifanya fimbo. Miezi ikapita. Nikaingia mwaka wa tatu.

Januari jua lilikuja likakaa. Udongo nyuma ya nyumba ulipasuka. Ijumaa moja nilifika nikamkuta mama akipanguza mkono wake kwenye leso.

"Wuoda, mwanangu, hii friza yako inanitekenya," alisema.

"Inakusalimia, Mama. Imekuzoea."

"Salamu gani ya kushtua mtu?"

"Usiifungue ukiwa miguu mitupu. Vaa slipa kila mara. Nitaiangalia nikimaliza mitihani."

Alicheka, akavaa slipa, na tangu siku hiyo hakuzivua jikoni. Ningependa kusema kwamba sikujua. Nilijua. Mtu anayeambiwa bati la friza linatekenya, na ambaye aliongoza darasa kwa kupima ardhi, anajua kila kitu anachopaswa kujua. Nilijua na nikaenda kulala, kwa sababu kuchimba mawe mwezi wa Januari ni kazi ngumu na kitanda changu cha nyumbani ni kizuri.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana, nilikuwa kwenye nyumba yangu ndogo karibu na lango, nimelala na daftari kifuani nikidhani nasoma. Mama alikuwa amemwaga maji akadeki jikoni, akatoka kuanika matambara. Mama mkubwa alikuwa amepata mgeni akaja kuchukua samaki wawili. Alimwuliza mama akiwa uani, mama akamwambia aingie achague mwenyewe. Alivua viatu mlangoni.

Nilisikia sufuria ikianguka, kisha mama akiita jina langu la nyumbani, si Injinia. Nilikimbilia swichi kubwa nikaizima kabla ya kumgusa mtu yeyote. Hilo nililifanya vizuri, kama kwenye kitabu. Mama mkubwa alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja bado umekunjwa kama aliyeshika mfuniko. Viatu vyake vilikuwa mlangoni vikitazama nje, vimepangwa. Tulimfikisha hospitali ya Kombewa akiwa ameshaenda.

Hakuna aliyesema stima haikumwua. Watu wetu si wajinga. Waliona kidole kilivyoungua. Swali lao lilikuwa jingine, na baba mdogo aliliuliza siku ya tatu baada ya mazishi, tukiwa tumeketi uani, wazee sita kwenye viti na mama kwenye mkeka.

"Huyu mama anaigusa friza hiyo kila siku ya Mungu," alisema. "Mtoto anaigusa. Majirani wameigusa wakinunua samaki. Mwezi baada ya mwezi haikumshika mtu. Imekuja kumshika mikayi, yule aliyerukwa, ndani ya nyumba iliyomruka. Nani atanieleza?"

Mimi ningemweleza. Udongo umekauka, sakafu ililowa, miguu ilikuwa mitupu, fimbo ilikuwa nusu mkono. Yalikuwa maneno machache. Nilitazama viatu vyangu.

"Ni mimi," mama akasema. "Nilikubali ianze kwangu. Ningekataa."

"Alikuruhusu," nikasema. Hilo tu ndilo lililonitoka.

"Mikayi akiruhusu kwa upendo, wewe unakataa kwa heshima," baba mdogo alimwambia mama, si mimi. "Ulipaswa kujua. Huyu ni mtoto."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na sijawahi kufurahia kuitwa mtoto kama siku hiyo.

Waliyomfanyia mama hayakuwa na kelele. Hakuna aliyemtukana. Aliambiwa asiingie nyumba ya kwanza mpaka wazee waone la kufanya, kwa hiyo mabinti wa Mama mkubwa walipokusanya vyombo vya mama yao, yeye aliwasikia kwa nje. Wanawake wa chama waliacha kuketi kwake. Ufuoni wachuuzi wenzake walimpisha kwenye foleni, na kupishwa huko si heshima: hawakutaka kikapu chake kiguse chao. Kombewa samaki wake walikaa mpaka macho yao yakageuka meupe. Nyaya zangu zilikatwa kwenye nguzo. Alirudi kwenye koroboi, na kila Ijumaa nilipofika alinipikia na kuniuliza masomo yanaendaje.

"Yanaenda, Mama."

"Soma. Usiyaweke haya kichwani."

Nilikula. Kwa hilo sijawahi kukosa kipaji.

Chuoni tulikuwa tumefika kwenye somo la kinga. Yule mzee mfupi alichora nyumba ubaoni, akachora friza, akachora mtu, akauliza stima itapita wapi. Mimi nilitoka nje. Msichana wa meza yangu alinifuata akanikuta nyuma ya karakana, palepale penye udongo mweusi.

"Nilisikia mlifiwa," alisema. "Walisema ni friza. Nyumba si uliifunga wewe?"

"Niliifunga mimi."

"Fimbo iliingia kiasi gani?"

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza swali hilo, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyelijua. Nilimwonyesha kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka vidole.

"Mamako anajua?" aliuliza.

"Wanasema ni chira. Wanasema ni yeye."

"Na wewe unaenda kila Ijumaa unakula chakula chake."

Hakuniita tena Mtoto wa Mama. Kama angenitukana ningejitetea. Nina maneno mengi ya kujitetea, unayaona hapa. Wiki hiyohiyo nilienda kwa baba mdogo nikamwomba awaite wazee.

Waliketi palepale. Mama alikaa kwenye mkeka uleule. Niliwaeleza fimbo ni ya nini, ilipaswa kuwa ya urefu gani, nilivyoikata na kwa nini. Niliwaeleza hata kuhusu chai. Wazee walisikiliza kwa adabu, kama watu wanaosikiliza mahubiri ya dhehebu lisilo lao.

"Umesema vizuri," baba mdogo alisema. "Mtoto anayembebea mamake mzigo ni mtoto mzuri."

"Baba, simbebei. Nilikata mimi."

"Injinia hawezi kufanya hivyo."

"Mimi si injinia. Hata nikimaliza sitakuwa injinia."

"Miaka yote hii tunasema mtoto wetu yuko chuo cha uinjinia, leo unatwambia hauko?" akauliza mzee mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi watu wakakaribia kucheka.

Nilichukua jembe nikaenda nyuma ya nyumba. Walinifuata polepole na fimbo zao za kutembelea. Niliondoa tofali, nikachimba, haikuhitaji kuchimba sana, nikaing'oa kwa mikono nikawapa. Ilipita mkono kwa mkono. Ilikuwa kama mwiko wa ugali.

"Sawa," baba mdogo akasema baada ya kuipima kwa macho. "Ni fupi. Lakini ilikuwa fupi tangu Aprili. Mbona haikumshika mamako?"

"Mama alikuwa anavaa slipa. Mpira hauruhusu stima kupita. Mama mkubwa alivua viatu."

"Mamako alijuaje kuvaa slipa?"

"Nilimwambia."

"Lini?"

"Wiki moja kabla. Alisema inamtekenya."

"Na mikayi ulimwambia?"

Kuku walikuwa wakikwaruza udongo niliochimbua. Mama alikuwa amesimama nyuma ya wazee, na hakuinua macho.

"Sikumwambia."

"Mlango wake uko hatua ngapi kutoka hapa?"

Zilikuwa kama ishirini.

"Unaona," baba mdogo akasema, na hakuisema kwa ukali. "Hata onyo ulilianzia nyumba ya pili."

Nimesoma mihula saba ya umeme na sijapata jibu la maneno hayo. Nilikuja na fimbo nikidhani nitawatoa kwenye chira niwapeleke kwenye sayansi, na yeye akanichukua mimi na fimbo yangu akatuweka mahali petu ndani ya hesabu yake, na hesabu ikakubali. Alinirudishia ile fimbo kama anavyorudisha kitu kilichoazimwa.

Walikata shauri siku hiyohiyo. Mama atakunywa dawa ya miti shamba ya kuondoa chira nyumbani. Stima itaingizwa kwanza katika nyumba ya Mama mkubwa, hata kama haina mtu, kisha mama aruhusiwe kurudisha yake, na mambo yaishe. Mwenye kazi nilikuwa mimi tena. Hakuna aliyefikiria kutafuta mtu mwingine. Ndivyo walivyokuwa wameniamini: wameona fimbo niliyoikata, wakanipa nyingine.

Nilichimba siku sita. Nilianza na mtaimbo nyuma ya nyumba ya kwanza, nikakuta jiwe, nikahama, nikakuta ndugu yake. Mwishowe nilichimba mtaro mpaka kwenye migomba, ambapo maji ya kuogea huishia na udongo ni mbichi mwaka mzima, nikashusha fimbo mbili nzima. Viganja vyangu vya kushikia kalamu vilichubuka vyote. Msichana wa meza yangu alikuja Jumamosi na mita ya chuo. Yule mzee mfupi alikuwa ameitoa kwa sahihi yake mwenyewe na hakuuliza ni ya nini. Msichana alipima mara tatu akisogeza vijiti vya mita ardhini, mimi nikiandika nambari.

"Inatosha," alisema. Akatazama nyumba iliyofungwa madirisha. "Nani anakaa hapa?"

"Hakuna mtu."

Balbu iliwashwa saa tano asubuhi, mchana mweupe, wazee wakiwa wamesimama mlangoni. Mwanga wa jua ulikuwa mwingi hata ilibidi uinue kichwa kuhakikisha kwamba inawaka. Walivua viatu wakaingia, wakaitazama, wakatoka. Mama naye aliruhusiwa kuingia. Alikaa ndani muda mfupi kuliko wote.

Na mambo yakaisha kweli. Wiki iliyofuata wanawake wa chama walikuja kwake na viti vyao. Kombewa samaki wakaanza kwenda. Ufuoni mtu alimsukuma kwenye foleni, na alirudi nyumbani akinisimulia alivyosukumwa kama mtu anayesimulia harusi. Kwa hiyo kama unataka kujua kama ukweli wangu ulimsaidia mama, jibu ni kwamba balbu ndiyo iliyomsaidia.

Lakini alikataa stima. Nyaya zake zipo ukutani mpaka leo, soketi nzuri, zimenyooka. Niliweka fimbo nyingine, nikaweka na kile kifaa cha kukata, nikamwonyesha karatasi ya vipimo. Alinishukuru akawasha koroboi. Friza aliigeuza kabati la nguo.

Mimi niliendelea chuoni mpaka mwaka wa nne, nikaenda mafunzo ya kazini kwa mkandarasi mmoja mjini. Siku moja tulifunga stima kwenye zahanati, na nikapewa fomu nitie sahihi kwamba nimepima ardhi na iko sawa. Nilikuwa nimeipima. Niliipima tena. Niliipima mara saba, mpaka dereva akapiga honi, na bado mkono haukutaka kuandika jina langu. Mkandarasi alitia sahihi yeye. Niliandika barua ya kuahirisha masomo kwa muhula mmoja, na muhula huo umekuwa mrefu. Cheti nilicho nacho ni kile cha kidato cha nne. Msichana wa meza yangu alifuzu. Ana kazi Port Victoria kwenye mitambo ya barafu ya samaki, na akipita Kombewa huniletea salamu za yule mzee. Mimi niko nyumbani, jambo ambalo ndilo nililolitaka tangu mwanzo. Watu bado huniita Injinia. Nimechoka kuwarekebisha.

Mwaka jana, tukiwa tumeketi nje asubuhi akipaa samaki aina ya ngege, nilimwuliza mama jambo ambalo nilikuwa nimelizunguka kwa muda mrefu.

"Siku ile nilipoing'oa fimbo. Uliwaamini wazee ama uliniamini mimi?"

"Nilikuamini wewe," alisema bila kusimamisha kisu. "Nilikuwa nimeanza kukushuku tangu siku ya slipa."

"Basi mbona hukusema? Ulikubali chira mbele ya watu wote. Ulikunywa ile dawa."

Aligeuza samaki upande wa pili, akaanza kumpaa kutoka mkiani.

"Kosa langu wazee walikuwa na dawa yake," alisema. "Lako, ningempelekea nani?"

Nilichukua beseni la magamba nikaenda kulimwaga kwenye migomba.